Siku Isiyotajwa

Ukweni kwa Burulcha wiki ilikuwa na siku sita zenye majina na moja iliyofichwa mvunguni. Baba mkwe wake aliitwa Jumabai, kwa kuwa alizaliwa Ijumaa, na katika nyika ile ya Wakazaki mkaza mwana hatamki jina la baba wa mumewe hata akikanyaga kaa la moto. Wala hatamki neno linalofanana nalo. Kwa hiyo Ijumaa, siku ambayo kila nyumba hukaanga mikate saba ya kuwakumbuka marehemu, Burulcha aliiita kesho ya Alhamisi. Akiwa na haraka aliiita siku ya mafuta. Bahati yake lugha ya kule haikumrundika Juma katika wiki nzima kama ya kwetu. Angekuwa bubu toka Jumamosi mpaka Jumatano.

Vuli moja alipita pale dereva wa lori, Muuzbeki wa kusini aitwaye Hamrakul, kabeba matikiti mpaka milango imevimba. Alikaribishwa chai kabla hajazima injini. Alikuwa amesafiri siku nyingi barabarani, kalenda imemchanganyikia kichwani, akataka kujua kama sala imempita. Akamuuliza Burulcha leo ni siku gani. Burulcha akamwambia ni kesho ya Alhamisi. Muuzbeki akauliza tena, polepole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Akajibiwa ni siku ya mafuta. Ndipo akamgeukia Zeinep, mama mkwe, kwa macho ya mtu aliyepotea.

"Usimchokoze," Zeinep akamwambia. "Akiitaja, mimi nitapoteza mkaza mwana na wewe utapoteza chai."

Zeinep hakuwa mtu mbaya, ila ulimi wake ungeweza kumnyoa kondoo bila mkasi. Wiki ya kwanza ya ndoa alimketisha Burulcha karibu na samawari akampa sheria za nyumba, na ya juu kabisa ilikuwa hii: sauti ya bibi harusi isimfikie farasi aliyefungwa mlangoni.

Sheria hiyo ilimwelemea Burulcha kuliko zote. Yeye alizaliwa kwa Wakirigizi, milimani, ambako wanawake huzungumza toka kilima hiki hadi kile. Mmoja anaomba chumvi, mwenzake anamjibu kwamba imekwisha, na katikati yao kuna bonde ambamo mwewe wanaruka chini ya nyayo zao. Kule mtu akiita, mlima humjibu. Asubuhi yake ya kwanza ukweni alikwenda nyuma ya zizi akatazama. Nyika ilikuwa imelala chali mpaka ilipochoka yenyewe, na mbingu zimeshuka hadi chini pande zote bila nguzo hata moja ya kuzishikilia. Akaita mara moja tu, kujaribu, jina la mama yake. Sauti ikaenda. Akaingoja kama mtu anavyongoja mtoto aliyetumwa dukani. Haikurudi. Farasi aliyefungwa mlangoni aligeuza shingo akamtazama, na Zeinep naye akatoka akamtazama, wote wawili kwa jicho lilelile.

Toka pale mpaka bahari yoyote, upande wowote utakaoushika, farasi angezeeka njiani. Mzee Jumabai aliikubali bahari kama alivyokubali malaika, kwa kusikia. Yeye alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa mkaza mwana yalikuwa machache zaidi, kwa sababu ndiyo adabu. Akitaka kumsifia chai humwambia mkewe kwamba chai ya leo haina kosa. Kila Ijumaa mikate ikiiva aliinua viganja akawaombea mababu zake saba akiwataja mmoja baada ya mwingine, na wanawake wawili huinamisha vichwa, maana majina yote yale yalikuwa mwiko kwao. Masikio hayana mwiko lakini. Burulcha aliyajua majina saba kama mtu anavyoijua njia ya kisimani.

Jioni moja ya baridi, nyama ikiwa mezani, mzee alisimulia habari za mjomba wake aliyepotea katika tufani ya theluji. Walimkuta theluji ilipoyeyuka, ameketi kitako, uso ameuelekeza mahali pasipo na kitu, na moshi wa nyumba yake ukionekana nyuma ya mgongo wake. Alikuwa amefuata sauti.

"Upepo una mdomo, hauna kumbukumbu," mzee akamwambia mwanawe Talgat, mume wa Burulcha, ingawa alitaka wote wasikie. "Utakuita 'wewe'. Utakuita 'njoo'. Lakini jina lako haulijui. Sauti isiyojua jina lako usiifuate, hata kama inalia."

Burulcha aliyasikia hayo akiosha vyombo, akayaweka mahali.

Na alijua pia habari ya mwanamke wa ng'ambo ya bonde la chumvi. Huyo, akiwa bibi harusi, alikuwa akimfukuza mbuzi akajikwaa, jina la mkwe likamtoka pamoja na pumzi. Alirudishwa kwao siku ileile. Wazazi wake walikuja na farasi na majuto ndipo akapokelewa. Sasa ana wajukuu, na nyika nzima bado inamwita Yule Aliyetaja. Burulcha alikuwa na mwaka mmoja tu katika nyumba ile, na mama yake kule milimani hakuwa na farasi wa kutoa.

Basi ikafika mwezi wa nne, kondoo wakawa wanazaa. Theluji ilikuwa imebaki vipande vipande, kama nguo zilizosahauliwa kwenye majani, na maua madogo ya manjano yameanza kuchungulia. Talgat alikuwa ameondoka na gari kwenda kituo cha reli kutafuta chakula cha mifugo. Mzee alikunywa chai, akampanda farasi wake wa kijivu, akalitoa kundi kuelekea bonde la chumvi, upande wa kusini. Kofia ya manyoya aliiacha msumarini. Jua lilikuwa linachoma.

Ilikuwa siku isiyotajwa. Burulcha alikuwa amekwisha kaanga mkate wa nne, nyumba imejaa harufu ambayo wafu huipenda, Zeinep alipoingia na ndoo mkononi akasimama kizingitini. Kusimama kizingitini kule ni mkosi mkubwa, na Zeinep ndiye aliyekuwa akiwapigia kelele wengine.

"Epua mafuta," akasema. "Farasi zizini wamegeuza migongo kaskazini."

Wakatoka. Hakukuwa na upepo wala sauti ya ndege. Upande wa kaskazini mstari wa mwisho wa dunia ulikuwa umefutika, na mahali pake pamesimama ukuta mweupe toka ardhini hadi Mungu alipo. Ukuta ule ulikuwa unakuja. Haukuwa na haraka, kwa sababu hakuna wa kuuzuia. Burulcha alikulia chini ya milima ambayo vilele vyake havijawahi kuvua theluji, akidhani ameshaona kila kilicho kikubwa. Akajikuta anashika mkono wa mama mkwe wake kama mtoto, na mama mkwe hakuuchomoa.

Kisha ukawafikia. Mbingu na ardhi zikakunjwa pamoja kama blanketi, na wao wakabaki ndani ya mkunjo. Ukinyoosha mkono, kiganja kinapotea. Theluji haikuanguka, ilipita; ilipita kama kwamba nyika yote imeng'olewa na inahamishiwa nchi nyingine. Waliupata mlango kwa kupapasa.

Mzee alikuwa huko nje, katika tufani ile, bila kofia.

Walijaribu kwanza lile ambalo kila mtu angejaribu. Zeinep alichukua ndoo ya chuma akaigonga kwa mchi mpaka mkono ukafa ganzi. Lakini ghala kuukuu la shamba la zamani la serikali, hatua chache toka hapo, lilikuwa na mabati yaliyolegea, nayo yalikuwa yanagonga kwa ufundi kumshinda. Mtu aliye mbali angejuaje lipi ni bati na lipi ni mke?

Upepo ulikuwa unaelekea kusini, kwenye bonde la chumvi. Katika siku ile nzima hilo ndilo jambo pekee lililowafaa: sauti ingebebwa. Burulcha akajifunga kiunoni kamba ya singa za farasi, akapanda juu ya paa la udongo la zizi. Zeinep akaizungusha kamba kwenye nguzo ya kufungia farasi, akaishika ncha kwa mikono miwili.

"Babaaa!" Burulcha akaita.

Upepo ukaichukua sauti ile, ukaivunja, ukairudisha toka pande zote: aaa, aaa, aaa. Baba wa nani? Nyika nzima ilikuwa inamwita baba. Kule chini Zeinep naye akaanza. Aliita "Mwenyewe!" Aliita "Mzee!" Aliita "Mtu wetu!" Aliita "Baba Talgat!" na hapo jina la Talgat likasikika vizuri kabisa, likaenda kumtafuta mtu aliyekuwa kituo cha reli anakunywa chai. Wanawake wawili walimwita mtu mmoja kwa kila kitu isipokuwa jina lake.

Burulcha akanyamaza. Akapiga magoti ukingoni mwa paa, akainamisha uso mpaka akauona uso wa Zeinep, nyusi zimejaa barafu.

"Mama, hatakuja," akasema. "Hatujamwita."

Zeinep hakuuliza maana yake. Alikuwepo mezani jioni ile ya habari za mjomba.

"Nimejaribu," akajibu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Unadhani sijajaribu? Nimefungua mdomo, ulimi umekataa. Toka nilipoolewa sijalitia jina lile mdomoni. Limeota kutu."

"Basi ziba masikio, mama."

"Nina mikono miwili na kamba moja. Nitayaziba kwa kitu gani?"

Burulcha akasimama. Akakumbuka namna mama yake alivyosimama ukingoni mwa bonde, mguu mmoja mbele, kidevu juu, na namna sauti haitoki kifuani bali mahali fulani nyuma ya paji la uso, nyembamba kama uzi, ili upepo usipate pa kuishika. Akavuta pumzi, theluji ikamwingia hadi mapafuni.

"Jumabaaai!"

Lilitoka likiwa la moto. Jina alilolikwepa mwaka mzima, akizunguka siku za wiki kama mtu anayekwepa shimo, lilimpita midomoni likaingia katika ule weupe na kwenda. Ni kama aliliona kwa macho: uzi mmoja mwembamba unapenya katika blanketi la dunia. Kisha hofu ikamkamata, akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Kamba ikavutwa kwa nguvu, nusura aanguke.

"Unangoja nini?" Zeinep akafoka toka chini. "Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Oga, mwanangu."

Akaoga. Aliita mara nyingi asizozihesabu. Na jina moja lilipoonekana jembamba mno kwa nchi pana vile, akaliongezea la baba yake, kama wanavyofanya watu wa nyika wanapotaka kumtofautisha mtu na wengine wote duniani. Jumabai wa Satai! Satai wa Kenebai! Kenebai wa Begali! Akapanda ngazi ya mababu mpaka juu kabisa, kisha akashuka nayo, kisha akapanda tena. Zeinep, huku chini, akiwa ameikumbatia nguzo, alisikia majina yote aliyowahi kuyainamishia kichwa yakipita juu ya utosi wake kama bukini wanaohama. Machozi yalimtoka, yakaganda palepale. Baadaye alidai ni theluji.

Sauti ya Burulcha ikaanza kupasuka. Akaita tena, ukatoka mkwaruzo. Akaita tena, haikutoka kitu. Akabaki amefungua mdomo juu ya paa, kimya, na mbele yake weupe unapita, unapita, hauna mwisho wala sura. Akawaza kwamba hii ndiyo nchi ileile aliyoiita asubuhi yake ya kwanza. Haijibu.

Ndipo akasikia farasi akipiga chafya.

Alikuwa chini yake kabisa, upande wa pili wa zizi. Kisha mkono ukapapasa ukuta, taratibu, kama mtu anayepapasa uso wa mtu ili amtambue. Kisha kikohozi ambacho nyumba ile ilikifahamu kuliko wimbo.

Wanawake wale hawakumkimbilia. Burulcha aliteleza toka kwenye paa, Zeinep akamfungua kamba kwa meno, wakaingia ndani mbio kama wezi wa mayai. Mzee alipofungua mlango, mkewe alikuwa anachochea moto na mkaza mwana amempa mgongo, anamimina chai katika bakuli.

Alikuwa amejifunga mkanda wa farasi kichwani badala ya kofia. Ndevu zake zilikuwa kipande kimoja cha barafu. Akafungua koti, akatoa wanakondoo wawili waliolowa, akawaweka karibu na jiko. Kundi, akasema, limejikunyata bondeni na mbwa yuko nalo. Kesho wataonana na kondoo watakaosalia hai. Akanywa bakuli la kwanza, na la pili. La tatu alilishika tu, ndevu zikidondoka ndani yake.

Alisimulia akiutazama moto. Farasi alikataa kuukabili upepo, hivyo alishuka akamvuta, na kwa muda mrefu alikuwa akitembea kwa uhakika kabisa kuelekea mahali ambapo sasa anajua hapakuwa na nyumba. Aliitwa mara nyingi. Wewe, baba, njoo. Hakugeuka. Kisha akasikia jina lake, kwa sauti ya mwanamke.

"Toka nizaliwe wanawake walioniita jina hilo ni mama na dada zake," akasema, "na wote wako makaburini. Nikasema, basi, ni mama. Amekuja kunichukua. Nilikuwa nimechoka, Zeinep. Nikageuza farasi nikaifuata. Nilikuwa nakwenda kufa, na sikuona vibaya."

Zeinep akaacha kuchochea.

"Nikatembea. Halafu ile sauti ikasema, Jumabai wa Satai." Mzee akaweka bakuli chini. Mabega yakaanza kumtikisika, na ilichukua muda kujua kwamba anacheka. "Satai. Mama yangu hakumtaja baba yangu hata siku nyumba ilipowaka moto. Alisimama uani akipiga kelele, 'Yule aliyelala atoke!' Leo akamtaje akiwa kaburini, tena na baba mkwe wake, na babu mkwe wake, mpaka juu? Nikajua huyu si maiti. Maiti wetu wana adabu. Na kama anayeniita ni hai, basi na mimi bado ni hai. Nikakaza mwendo."

Hata tufani nje ilikuwa kama imetega sikio. Burulcha hakugeuka. Alikuwa anaungoja ule upande wa pili wa maneno: farasi ambaye mama yake hana, na jina jipya ambalo nyika ingempa.

"Na ni nani huyo?" Zeinep akauliza, akiokota kijinga cha moto kisichohitaji kuokotwa.

"Nitajuaje? Upepo."

"Ulisema upepo hauna kumbukumbu."

"Wa kwetu hauna," akasema mzee. "Huu ulitoka milimani."

Akauliza kama siku ile bado ni siku ya mikate. Mkewe akamwambia ipo minne, mafuta yamepoa. Akasema minne inatosha, mababu leo wameshaitwa wote na bila shaka wako mlangoni, wasisimamishwe. Akainua viganja akawaombea, akiwataja mmoja mmoja. Safari hii wanawake waliinamisha vichwa zaidi kuliko siku zote. Kisha akachukua mkate wa juu, ambao ni wa mkubwa wa nyumba na huliwa na yeye kwanza. Akaunyoosha pembeni, bila kutazama, kumwelekea yule aliyempa mgongo.

"Mkaza mwana, chukua. Kula. Umekaukiwa koo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno ana kwa ana, ingawa nyuso zenyewe zilikuwa zimetazama pande mbili. Burulcha akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Alitaka kusema asante, sauti haikuwepo.

"Amekunywa chai ya moto," Zeinep akamsemea.

"Naona," akasema mzee. "Chai ya leo haina kosa."

Kesho yake asubuhi tufani ilikuwa imekwenda zake. Burulcha alikwenda nyuma ya zizi kuchukua kinyesi kikavu cha kuwashia moto, akasimama. Nyika ilikuwa nyeupe toka miguuni pake hadi mwisho wa macho, haina alama hata moja, imetulia kama kitu kilichoumbwa dakika ileile. Zeinep akaja akasimama kando yake. Farasi wa kijivu alikuwa amefungwa mlangoni.

"Amesikia," akasema Zeinep, akimwonyesha farasi kwa kidevu. "Na farasi wote mpaka Uchina wamesikia. Sasa sheria ile sijui nitaifanyia nini." Akatafakari. "Sauti yako ikirudi utanifundisha kuita. Taratibu, mzee akiwa hayupo."

Vuli iliyofuata Hamrakul alipita tena na matikiti yake. Akashuka, akapokea bakuli, akamtazama Burulcha, ambaye sasa alikuwa na mtoto mgongoni. Muuzbeki alikuwa mjanja wa mizaha, akauliza kwa sauti ya upole kabisa leo ni siku gani.

"Kesho ya Alhamisi," akajibu Burulcha.

Mzee Jumabai, kando ya samawari, alicheka mpaka chai ikamtoka puani, na Hamrakul aliondoka bila kujua kilichomchekesha.